Bei ya Mabaka: Rangi ya Ng'ombe na Damu Yake katika Nchi ya Majani Chai

Mulot, pale Bomet inapokutana na Narok, siku ya mnada rangi hutajwa kabla ya bei. "Hii ni Friesian safi, tazama mabaka," dalali anasema huku akimpapasa mtamba mgongoni. Na mabaka kweli yapo: meusi makubwa juu ya meupe, miguu myeupe hadi magotini, mkia wenye ncha nyeupe. Hatua chache kando amefungwa mtamba mwingine, mweusi tii, ila ana nyota ndogo usoni na weupe kidogo kwenye kiwele. Huyo anaitwa chotara, na bei yake hushuka kabla mnunuzi hajauliza mama yake alikuwa akitoa kilo ngapi kwa siku. Karatasi haziulizwi kwa kuwa hazipo. Na bado mitamba hao wawili wanaweza kuwa ndugu wa baba mmoja na mama mmoja, wenye kiasi kilekile cha damu ya Friesian.

Kwa familia ya Konoin au Bureti yenye ekari moja na nusu ya chai, mtamba wa gredi humeza sehemu kubwa ya bonasi ya mwaka. Akinunuliwa vibaya, hasara haiishi siku ya mnada. Atakula napia na dairy meal kwa miaka miwili, azae, ndipo ijulikane kwamba maziwa hayajazi hata kibuyu. Kwa hiyo swali la rangi inasema nini kuhusu mnyama si la wapenda mapambo. Ni swali la fedha, na katika vilima hivi hujibiwa kwa jicho karibu kila wiki, mara nyingi kimakosa.

Kosa lenyewe ni jipya kiasi. Wakipsigis walikuwa mabingwa wa rangi za ng'ombe muda mrefu kabla ya Friesian wa kwanza kuonekana Kericho, na walikuwa na sababu. Kundi la mtu halikulala boma moja. Kwa desturi ya kimanagan, mwenye mali aliwagawa ng'ombe wake kwa marafiki na jamaa wa mbali wamtunzie. Mlezi alikunywa maziwa, umiliki ukabaki kwa mwenyewe, na ugonjwa au wavamizi wakiingia boma moja hawakumaliza kila kitu. Mali iliyotawanyika namna hiyo ilihitaji daftari, na daftari lilikuwa kichwani. Mzee alimshika kila mnyama kwa rangi, kwa umbo la pembe, kwa mahali baka lilipoanzia na lilipokomea. Alipotaka kujua kama ndama ni wa kufuga au wa kuchinja, hapo hakutazama ngozi. Aliuliza habari za mama yake na nyanya yake. Rangi ilimwambia ni ng'ombe yupi. Thamani aliitafuta kwingine.

Ng'ombe wa kigeni walipofika ndipo kazi hizo mbili zilipochanganywa. Walowezi wa Sotik na kwingineko katika nyanda za juu walileta Ayrshire wekundu wenye mabaka meupe, Friesian weusi kwa weupe, Guernsey wa manjano-kahawia na Jersey wa rangi ya mchanga. Kwa miaka mingi Mwafrika alizuiliwa kufuga ng'ombe wa gredi, kama alivyozuiliwa kupanda chai. Mpango wa kilimo wa serikali ya kikoloni, ule wa Swynnerton wa 1954, ndio uliowafungulia wengi mlango wa vyote viwili. Mtu aliyeanza na zebu mdogo wa kienyeji aliona upande wa pili wa ua ng'ombe anayejaza ndoo, na ng'ombe huyo alikuwa na koti lake maalumu. Kulihusisha koti na maziwa lilikuwa jambo la akili kabisa. Wakati huo, karibu kila ng'ombe mwenye mabaka meusi na meupe kweli alikuwa Friesian, na karibu kila aliyeonekana zebu alikuwa zebu.

Lakini mabaka ni kama sare ya shule: siku ya kwanza humtambulisha mwanafunzi, baadaye sweta huuzwa sokoni na kuvaliwa na yeyote. Vizazi vya kuchanganya vilipopita, koti na maziwa viliachana. Ili kuona viliachana vipi, inabidi kushuka kidogo hadi kwenye jeni.

Rangi ya ng'ombe huamuliwa na maswali mawili tofauti. La kwanza ni rangi gani itakayotengenezwa, nyeusi au nyekundu. La pili ni wapi rangi hiyo itafika na wapi haitafika. Swali la kwanza lina ufunguo mmoja mkubwa, jeni iitwayo MC1R, ambayo watafiti wa Norway walionyesha mwaka 1995 jinsi inavyofanya kazi kwa ng'ombe. Ina toleo linaloamuru weusi, nalo hutawala: ndama akipata nakala moja tu kutoka kwa mzazi mmoja, atakuwa mweusi. Toleo la wekundu hujificha, na halionekani hadi ndama alipate kutoka pande zote mbili.

Swali la pili lina historia ya ajabu zaidi. Chembe zinazotengeneza rangi hazizaliwi kwenye ngozi. Kiinitete kinapokua tumboni, chembe hizo huanzia kwenye mstari wa uti wa mgongo na kusafiri kuelekea tumboni, miguuni na usoni. Zikifika kote, mnyama ana rangi moja. Zikichelewa, zikiwa chache au zikifa njiani, sehemu za mwisho wa safari hubaki nyeupe: tumbo, kwato, ncha ya mkia, paji la uso. Ndiyo maana nyota ya usoni na weupe wa kiwele ndizo alama za kwanza kutokea, na ndiyo maana ni nadra kumwona ng'ombe mwenye tumbo jeusi na mgongo mweupe, isipokuwa katika aina chache zenye jeni yao ya pekee. Kwa Friesian na Ayrshire, jeni kama MITF na KIT ndizo zinazokatisha safari mapema. Toleo la mabaka kamili hujificha mbele ya toleo la rangi nzima, ingawa si kabisa. Huacha alama kidogo.

Tukishajua hayo, turudi kwa wale mitamba wawili wa Mulot. Mkulima ana zebu mwekundu wa rangi moja. Anampandisha kwa mbegu ya Friesian. Ndama anazaliwa mweusi, kwa kuwa weusi hutawala, na karibu mwili mzima una rangi, kwa kuwa rangi nzima hutawala mabaka. Labda ana nyota na kiwele cheupe. Nusu ya damu yake ni Friesian, lakini koti halisemi hivyo. Anakua, anapandishwa tena kwa Friesian. Sasa kila ndama atakayezaliwa ana wastani wa robo tatu ya damu ya Friesian, lakini kwa upande wa mabaka ni kama kurusha shilingi: nusu yao watakuwa na mabaka kamili, nusu watakuwa weusi. Damu ni ileile, mama ni yuleyule, baba ni yuleyule. Mmoja ataitwa Friesian safi, mwingine chotara.

Upande wa pili ni mbaya zaidi. Chukua machotara wawili wa nusu kwa nusu, dume la kijijini na jike la jirani, wote weusi. Kati ya ndama wao wanne, mmoja kwa wastani atatoka na mabaka kamili. Huyo hana zaidi ya nusu ya damu ya Friesian kwa wastani, sawa na wazazi wake, lakini sokoni atampita yule mweusi wa robo tatu. Mnunuzi amelipa zaidi kwa damu pungufu. Na huyo akiwa fahali, atachaguliwa kuwa fahali wa kijiji kwa sababu ya mabaka, na kosa litaenea bonde zima.

Kericho kuna mtego mwingine ambao kwingine haupo sana, kwa sababu hapa Ayrshire ana wapenzi wake wa kudumu. Watu humsifia kwa miguu imara ya kupanda vilima, kwa kutochagua sana chakula na kwa maziwa mazito yanayofaa kugandishwa kuwa mursik. Ayrshire na Friesian wote wana mabaka, hivyo watoto wao huwa na mabaka. Na kwa kuwa weusi hutawala wekundu, watoto hao hutoka weusi kwa weupe. Ng'ombe anayeonekana Friesian kutoka pembeni mwa barabara ya Litein anaweza kuwa nusu Ayrshire, na hakuna jicho litakalogundua kwa rangi. Jersey akipandishwa kwa Friesian, ndama hutoka mweusi au kahawia iliyoiva, na weupe kidogo tu. Huyo naye huitwa chotara na hushushwa bei, ingawa hana tone la zebu.

Kisha kuna ndama mwekundu. Friesian wawili weusi kwa weupe wanazaa ndama mwekundu kwa mweupe, na boma zima linashangaa. Hakuna maajabu: wazazi wote wawili walibeba wekundu uliojificha, na ndama mmoja kati ya wanne wa namna hiyo huupata kutoka pande zote. Marekani, chama cha wafugaji wa Holstein, kama Friesian anavyoitwa huko, kiliwakataa wekundu katika kitabu chake hadi mwanzoni mwa miaka ya 1970, kana kwamba rangi ilikuwa imewavua ukoo. Waliokubaliwa baadaye walikuwa ng'ombe walewale, kwa maziwa yaleyale. Leo katalogi za mbegu huweka herufi RC kando ya jina la fahali anayebeba wekundu huo, na mkulima anaweza kuzisoma kabla ya kulipa. Wachache husoma. Ndama akitoka mwekundu, huitwa Ayrshire, huuzwa kama Ayrshire, na mnunuzi hungoja maziwa mazito yasiyokuja.

Ugomvi mkubwa hutokea kati ya mkulima na daktari. Katika vijiji hivi kila anayebeba mtungi wa naitrojeni kwenye pikipiki ni daktari, awe na shahada au cheti. Miezi tisa baada ya kupandisha, simu hupigwa.

"Daktari, ulinidanganya. Nililipia Friesian, nikaletewa ya kienyeji."

"Mama, fahali ni yuleyule aliyezaa ndama wa jirani yako. Ng'ombe wa jirani alikuwa na mabaka tayari. Wako hakuwa nayo."

Mara nyingi daktari ana haki. Lakini udanganyifu nao upo, na si lazima uwe wa makusudi. Naitrojeni ikipungua mtungini mbegu hufa, ng'ombe hurudi joto usiku, fahali wa jirani huvuka ua, na bili ya mbegu ya nje inabaki palepale. Hapa ndipo rangi, iliyotumika vibaya mnadani, inapoweza kutumika vizuri. Rangi haiwezi kuthibitisha baba, inaweza kumkanusha. Fahali wa Friesian asiyebeba wekundu hatarajiwi kuzaa ndama mwekundu, hata akipandishwa kwa ng'ombe mwekundu kiasi gani. Ng'ombe wawili wa mabaka kamili hawatarajiwi kuzaa ndama mweusi mwili mzima. Ndama akija hivyo, mkulima ana haki ya kupiga simu tena, safari hii akiwa na hoja. Uso mweupe wa Hereford ni ushahidi mzuri zaidi, kwa kuwa hutawala: wafugaji wa maziwa wa Uingereza na Ireland humpandisha Friesian kwa Hereford makusudi ili ndama wa nyama ajulikane siku ya kuzaliwa kwa uso wake, asichanganywe na mitamba wa kubaki shambani. Hapo rangi imepewa kazi inayoiweza.

Kuna wakati ugomvi huo ulikuwa mdogo kwa sababu nyuma ya mbegu kulikuwa na dola. Kenya ilianza uhimilishaji, yaani kupandisha kwa mbegu badala ya fahali, mwaka 1935, mapema kuliko nchi nyingi za Afrika, na kituo cha Kabete kilifunguliwa 1946. Sababu ya kwanza ilikuwa afya kuliko maziwa: fahali wa pamoja walikuwa wakisambaza magonjwa ya uzazi. Huduma ya taifa iliyoanzishwa 1966 ilipeleka magari kwenye njia zilizojulikana. Mkulima aliwafunga ng'ombe wake kando ya barabara, akalipa fedha kidogo, akaandikiwa. Mwishoni mwa miaka ya 1980 na mwanzoni mwa miaka ya 1990 serikali ilijiondoa, bei ikapanda, magari yakatoweka, na fahali wa kijiji akarudi. Kabete iko bado, tangu 2011 kwa jina la KAGRC, na mbegu zake ni nafuu kuliko za nje. Kilichovunjika zaidi kwa maoni yangu hakikuwa mbegu. Ilikuwa ni ile karatasi. Kizazi kizima cha ng'ombe kilizaliwa bila kuandikwa popote, na pengo la maandishi likajazwa na ngozi.

Karatasi zenyewe hazijawahi kuwa ngumu. Kenya Stud Book ilianzishwa 1920, na ina njia ya kumpandisha daraja hata ng'ombe aliyeanzia kwa mama asiyejulikana: kila kizazi kinachopandishwa na fahali aliyesajiliwa hupanda ngazi moja, hadi wajukuu na vitukuu wafike daraja la pedigrii. Damu huhesabiwa kwa nusu, robo tatu, saba kwa nane, na kuendelea. Katika hesabu hiyo yule mtamba mweusi wa Mulot angepata daraja sawa na dada yake. Wakulima wadogo hawaoni faida ya kulipia usajili wakati mnada hauulizi cheti, na mnada hauulizi cheti kwa kuwa wakulima hawana. Mduara huo hautavunjwa na semina.

Jambo moja katika vitabu hivi vya ukoo linanifurahisha. Marekani, vyama vya Holstein, Ayrshire na Guernsey vilimtaka mfugaji alete picha au mchoro wa pande zote mbili za ng'ombe anaposajiliwa. Jersey, mwenye rangi moja, alichorwa chale sikioni. Sababu ni kwamba hakuna ng'ombe wawili wenye mabaka yanayolingana. Hata pacha wa yai moja, hata ng'ombe waliozalishwa maabara kwa nakala ya mmoja, hutofautiana, kwa kuwa safari ile ya chembe za rangi ina bahati nasibu ndani yake. Jeni husema weupe uwe mwingi kiasi gani kwa jumla, hazichori mpaka wa kila baka. Vitabu vya kisasa, kwa hiyo, vilitumia mabaka kwa kazi ileile waliyoyapa wazee wa kimanagan: kumjua huyu ni yupi. Ukoo uliandikwa kando.

Wapo waliochagua kinyume chake, kwa wazi. Wafugaji wa farasi wa Marekani wana chama cha Pinto, kilichoanzishwa 1956, kinachosajili farasi kwa mabaka: awe mkubwa au mdogo, wa mbio au wa kukokota, mabaka yakitosha ameingia. Mwaka 1965 likaundwa shirika la Paint, nalo likadai kitu kingine juu ya mabaka: wazazi wenye damu iliyotajwa, Quarter Horse, Thoroughbred au Paint wenyewe. Farasi mmoja anaweza kuwa Pinto bila kuwa Paint. Walau kila upande unajua unachouza. Nao wamelipia somo: mabaka ya aina iitwayo frame yanatokana na jeni ambayo nakala moja humpamba farasi, na nakala mbili humzalia mtoto mweupe wote asiye na neva za matumbo, anayekufa ndani ya siku chache. Ukiwaoanisha wazazi wawili wa namna hiyo, mmoja kati ya watoto wanne huenda hivyo. Ng'ombe wetu hawana hatari hiyo katika mabaka yao ya kawaida. Kericho kwenyewe farasi ni wachache. Mnyama wa mzigo ni punda, na punda wa Bomet anayebeba mitungi ya maji hajawahi kuulizwa rangi na mtu.

Karibu nasi zaidi, Wahima wa Ankole nchini Uganda walichagua ng'ombe wekundu wa damu ya mzee, bihogo, kwa uzuri na heshima, na hawakumficha mtu kwamba ni uzuri. Wanaotafuta maziwa mengi Mbarara leo huwapandisha kwa Friesian, na minada yao imeanza kuwa na maneno yaleyale ya Mulot.

Uthibitisho wa jumla kwamba jicho hukosea ulikuja kutoka ILRI, taasisi ya kimataifa ya utafiti wa mifugo ya Nairobi, na washirika wake, waliochukua sampuli za vinasaba vya ng'ombe wa wakulima wadogo wa Kenya na Uganda mwanzoni mwa miaka ya 2010. Mkulima aliulizwa ng'ombe wake ni wa aina gani, kisha vinasaba vikaulizwa. Majibu hayakulingana mara nyingi. Wengi waliamini wana damu nyingi zaidi ya kigeni, au ya aina nyingine kabisa, kuliko waliyokuwa nayo. Tokeo la pili linauma zaidi kwa mpenda mabaka: katika mashamba yenye chakula kidogo na huduma duni, ng'ombe wa damu ya kati hawakuachwa nyuma na wale wa damu nyingi. Maana yake, hata kama jicho lingekuwa linaona sawasawa, safi kwa safi si lazima awe ndiye wa kununua. Chepalungu, ambako nchi ni ya chini zaidi na kavu zaidi kuliko Kericho, chotara wa Sahiwal, mwekundu-kahawia asiye na mabaka ya kujivunia, huvumilia kupe na kiangazi vizuri kuliko dada yake wa picha ya kalenda. Ndigana kali haichagui rangi, lakini huchagua damu ya kigeni isiyochanjwa wala kuogeshwa.

Je, rangi yenyewe, kama ngozi, ina athari? Kidogo. Utafiti wa Florida ulionyesha kwamba ng'ombe wenye weupe mwingi huvumilia jua kali vyema zaidi, lakini Kericho, mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, na mvua ya alasiri, joto si tatizo la ng'ombe. Kuna jambo moja hata hivyo ambalo kila mwenye ua wa lantana anapaswa kulijua. Ng'ombe akila lantana kiangazi majani yakikosekana, sumu yake hushambulia ini. Ini lililochoka hushindwa kuondoa kemikali inayotokana na ukijani wa majani baada ya kumeng'enywa; kemikali hiyo huzunguka na damu, ikifika kwenye ngozi inayopigwa na jua huwaka. Matokeo hutisha. Mabaka meupe huvimba, hutoa majimaji, hukauka na kubanduka, huku mabaka meusi sentimita mbili kando yakibaki laini, mpaka ukiwa umefuatwa kwa usahihi kama wa kalamu. Watu husema ng'ombe amemwagiwa maji moto na adui. Dawa ni kivuli, kuondoa lantana na kumwita daktari mapema, kwa kuwa kinachokufa ni ini, ngozi ni tangazo tu. Weupe kuzunguka jicho nao humweka ng'ombe kwenye hatari zaidi ya saratani ya jicho katika jua la ikweta. Ukichagua kati ya mitamba wawili waliolingana kwa yote, chukua mwenye macho yaliyozungukwa na weusi. Hizo ndizo sababu pekee za kiafya ninazozijua za kutazama rangi Mulot.

Basi mnunuzi atazame nini? Kiwele cha mama, kama mama yupo, na daftari la maziwa la kiwanda kama mama hayupo. Malipo ya kila mwezi ya ushirika ni rekodi bora kuliko hadithi ya dalali. Risiti ya uhimilishaji yenye namba ya fahali. Mrija wenyewe wa mbegu umechapishwa namba na jina la fahali, na watu huutupa kwenye napia dakika hiyo hiyo. Ungebandikwa kwenye daftari kwa selotepu, ukoo wa ndama ungekuwa umeandikwa nusu bila gharama. Nundu, masikio, ngozi inayoning'inia shingoni na kitovuni husema zaidi kuhusu zebu aliyebaki ndani kuliko mabaka yanavyosema. Na picha mbili za simu, kushoto na kulia, siku ya kuzaliwa. Hizo hazitaongeza maziwa, lakini ng'ombe akiibiwa akapatikana Transmara, baka ni shahidi asiyeweza kubadilishwa.

Hata hivyo sidhani jicho la mnada litabadilishwa na elimu peke yake. Lina sababu ya kiuchumi. Vyama vingi vya ushirika, na viwanda vinavyopelekewa maziwa hayo, hulipa kwa kilo. Maji yakilipwa sawa na mafuta, Friesian mwenye maziwa mengi ya mafuta ya asilimia 3.5 hivi atamshinda Jersey wa asilimia 5, ingawa Jersey ana uzito mdogo sana na hula napia kidogo kwenye ardhi ambayo chai imeshaimeza. Soko linalolipa kwa wingi hutafuta aina ya wingi, na aina ya wingi ina mabaka meusi na meupe. New Zealand viwanda hulipa kwa kilo ya mafuta na protini, na huko ng'ombe wa maziwa walio wengi kuliko aina yoyote ni chotara wa Friesian na Jersey: wadogo, weusi au kahawia iliyoiva, weupe kidogo tumboni na usoni. Kwa sura ni yuleyule aliyefungwa pembeni pale Mulot, ambaye bei yake imeshuka kwa sababu ya koti. Siku kiwanda kimoja cha Sotik au Kericho kitakapoanza kupima mafuta na kulipa kwayo, madalali watakuwa wa kwanza kujifunza maneno mapya.